Mate

Mwanamvua, mtoto wa kaka yangu Kondo,
huja dukani Ijumaa akitoka maabara, Upanga,
mikono inanuka spiriti.
Hukalia robota la kanga ambalo sijalifungua,
hunywa chai yangu,
halafu hunisimulia maiti.

Safari hii maiti ni mfanyabiashara.
Msogdi, anasema, mtu wa pande za Samarkandi,
aliyekufa yapata miaka elfu na mia tatu iliyopita
njiani kwenda Uchina, na ngamia, na miski, na madeni.
Wameupekecha mfupa wa nyuma ya sikio,
ule mgumu, unaotunza,
wakapata unga usiojaa kijiko cha chai.
Na unga ukasema.

"Ukasema nini?"
Nilikuwa namkatia mama mmoja mita tatu za satini.

Ukasema wazee wake walikuwa wakulima wa bonde lile lile,
wakaoana na wachunga farasi wa nyikani,
na kuna bibi, huyo wa kuukeni,
katokea kusini, mbali,
hakuna ajuaye alifuata nini.
"Asili yake, shangazi, imekaa kama gulio."

Nikacheka mpaka mkasi ukapinda njia.
Hilo Mtaa wa Sikukuu tunalijua
bila kumtoboa mtu sikio.
Kushoto kwangu Mkinga, kulia Mchaga,
mbele yangu yule ambaye babu yake alitoka Kachi na cherehani moja,
na pale kwenye kona Mwinyimkuu, Mshirazi tupu,
anavyosema,
na mama yake tulicheza naye rede Kisarawe.

Wachina wa kale, akaendelea, waliandika
kwamba Msogdi akizaliwa mtoto wa kiume
hulambishwa sukari, hupakwa gundi kiganjani,
ulimi uwe mtamu, fedha ikiingia isitoke.

"Na wa kike?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari tena chini.
Hawakuandika.

Mimi sikupakwa kitu.
Mimi mama alinipa daftari la kurasa tisini na sita
na kalamu iliyofungwa uzi:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Basi nikamuuliza mtoto wa kaka yangu,
huo unga wenu unasema alikuwa anamdai nani?
Hapana.
Nani alikuwa anamdai yeye?
Hapana, shangazi.
Aliyemkopesha ngamia, je, alilipwa?

Akaangalia nje, kwenye mikokoteni.

"Basi hamjampata bado."

Ndipo akafungua mkoba, akatoa kichupa,
kifuniko cha buluu, mstari mwekundu tumboni.
Tema tu, mpaka hapa. Hakiumi.
Nikakirudisha mkobani kwa mkono wangu.
Siyo woga.
Au ni woga: baba alitwambia mengi kuhusu babu zake,
na aliyafurahia sana,
sitaki kijiko cha unga kimsute kaburini.

Mteja wa Tunduma akaingia, maroboto sita, taslimu.
Nikalamba kidole, nikaanza.
Kila noti kumi, ulimi.
Kila laki, mpira.
Mwanamvua ananitazama kidole, hatazami pesa,
mdomo wazi kama mtu aliyeona nyoka darini.

"Shangazi," akasema, "wewe umekwisha kutema."

Miaka thelathini na moja.
Nalamba, nahesabu, narudisha chenji.
Mate yangu yamevuka mpaka bila pasi,
yako Lubumbashi, yamekunjwa kwenye pindo la doti,
yako chini ya godoro la mtu asiyejua jina langu.
Atakayenitafuta na aanzie huko,
na aje na daftari.

Ya Tunduma ilipungua elfu kumi.
Nikalamba kidole, nikahesabu upya.